Rironi hadi Mau Summit: msitusimamishe tena

Juma hili nimekutana tena na wanaotaka ujenzi wa barabara kuu ya Rironi–Mau Summit, ile ya kutoka Nairobi kupitia Nakuru, usimame hadi mkataba upitiwe upya. Imenichoma. Sisi tunaokesha Gilgil kila Desemba, matatu haisongi na watoto wanalia njaa, tumesubiri vya kutosha.

Mkataba wa kwanza, ule wa Wafaransa, ulitiwa saini Paris Septemba 2020. Ukakaa, ukakaa, hadi ukafutwa 2025. Novemba mwaka huohuo Rais Ruto akazindua upya kwa makampuni ya Kichina na pesa za NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi. Miaka 5 ilipita hivyo na barabara ikabaki ileile. Kutoka Mlolongo unapanda Expressway ya Nairobi, unashukia Westlands, unaendelea na njia pana hadi Rironi. Hapo inabanwa ghafla: moja ya kwenda, moja ya kurudi, kwa sehemu kubwa ya kilomita 170 hivi, na malori ya Uganda, Rwanda na Kongo yamo humohumo.

Kila dereva wa njia hii anajua kifo kinavyokuja. Trela lenye shehena linapanda mlima polepole, nyuma yake foleni ndefu. Mmoja anachoka kungoja, anachomoka. Mbele yake basi linateremka. Pale Migaa, karibu na Salgaa, alfajiri ya 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana ana kwa ana, watu 36 wakafa. Baada ya msiba huo ndipo wanaokwenda na wanaorudi wakatenganishwa kwa ukuta wa zege pande za Salgaa na Sachangwan, na waulize madereva wa Eldoret waliona tofauti gani. Dawa inajulikana, ilishajaribiwa palepale. Sasa nani atasimama mbele ya mjane wa Kinungi, kwenye barabara hiihii, amwambie tungoje miaka mingine mitano?

Nakubali, shingo upande, kwamba ule mkataba wa Wafaransa ulistahili kufutwa. Nakubali pia kwamba ada ya kupita, shilingi 8 kwa kilomita, itauma. Gari dogo likienda njia yote ni zaidi ya shilingi 1,300, na kurudi vilevile. Na pesa za NSSF ni jasho la wafanyakazi, kwa hiyo mkataba uwekwe wazi wote, hadi kurasa za mwisho. Lakini hayo yapiganiwe bungeni na mahakamani huku matingatinga yakifanya kazi.

Ahadi ya kumaliza ujenzi ni Juni 2027. Mimi ninachohofia zaidi ni watembea kwa miguu. Thika Road ilizinduliwa 2012, na kuna mahali watu waliendelea kukimbia katikati ya magari wakingoja vivuko vya juu. Kikopey watu huvuka usiku kucha kufuata nyama choma. Salgaa soko liko kando ya lami. Vivuko vya hapo vijengwe pamoja na barabara, na wahandisi wawaulize akina mama wa Salgaa wanavukia wapi kabla ya kuchimba mashimo ya nguzo.