Nembo tano, robine moja, maji hakuna

Hapa Goma hakuna kibao kinachoudhi kama kile chenye nembo tano, rangi bado inang'aa, kando ya robine, bomba la kuchotea maji, iliyokauka. Ukiuliza, kila shirika la misaada limemaliza kazi yake. Moja limechimba mtaro kwenye mawe ya volkano (kazi ngumu, tusiwanyime), lingine limelaza tiyo (mabomba ya kupitisha maji), la tatu limejenga kibanda cha robine, la nne limefundisha kamati. La tano sijui limefanya nini, pengine kibao. Ripoti zote safi, na mama anateremka ziwani na bidoni yake.

Miradi hii inafia pale kazi ya shirika moja inapokutana na ya lingine. Pale hapana bosi wala bajeti.

Chukua tiyo tu. Wa kwanza ameleta plastiki nyeusi, PEHD, inayopimwa kwa milimita upande wa nje: 63. Mwenzake amejenga kibanda kwa chuma cha inchi 2. Kwenye makaratasi vinafanana. Kwenye mtaro haviingiani bila rakori, kile kipande cha kuunganishia, upande mmoja wa kubana plastiki, upande mwingine wenye nyuzi za chuma. Nani aliiweka kwenye orodha ya manunuzi? Hakuna, maana pande zote mbili ziliandika "kuunganisha: mshirika". Basi fundi anapasha plastiki moto, anaivuta juu ya chuma, anafunga kwa mpira wa tairi, wanafukia. Siku pampu inasukuma kwa nguvu zake zote, kiungo kinafunguka chini ya barabara, na kila shirika linatoa picha kuonyesha kwamba upande wake haukupasuka. Ni kweli, haukupasuka!

Klorini, dawa ya kuua vijidudu, nayo hivyohivyo. Kituo kimoja cha kutia dawa maji kinachanganya maji ya klorini ya asilimia 1, cha jirani asilimia 0.5, na wote wanatumia sindano ya mililita 5 kwa bidoni ya lita 20. Huku ni miligramu 2.5 kwa lita, kule nusu yake.

Mikutano ya klasta, ile ya mashirika kupanga kazi pamoja? Haya, inasaidia kugawana mitaa. Baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, tanki na mabomba yakaharibika, watu kama 500,000 wakakosa maji. Bila meza moja wote wangekimbilia mtaa uleule. Lakini kugawana mitaa hakuungi tiyo.

Kinachotakiwa ni karatasi moja kwa kila kiungo, isainiwe kabla ya pesa kutoka: kipimo gani, nani ananunua rakori, nani analipa mazutu ya jenereta umeme ukikatika, ufunguo wa vane (valvu) uko kwa nani, klorini inapimwa na nani. Kisha mtaro usifukiwe kabla ya kujaza tiyo maji na kuibana kwa nguvu mara moja na nusu ya ile itakayofanya kazi, mashirika yote yakiwepo, na Regideso, shirika la maji la serikali, pia, maana mzigo utabaki kwao wengine wakishapanda ndege.

Na nyinyi wafadhili, acheni kulipa mtaro peke yake na kibanda peke yake. Malipo ya mwisho ya wote yatoke siku moja, robine ikitoa lita 7.5 kwa dakika, yaani bidoni ijae kabla ya dakika tatu. Isipojaa, wote watano wasubiri. Mtashangaa rakori itakavyopatikana mtaani Birere mchana uleule.