Nywele! Nywele!

Watu wakisikia nacheza voging, ile dansi ya kujipozi kama mamodo, huku New York wanadhani maisha yangu ni glita na kamera tu, hawajui kwamba nusu ya kazi yenyewe ni kujiangusha chali kwa makusudi, tena na mchuchumio mguuni, halafu utabasamu.

Hiyo inaitwa dipu. Mguu mmoja unaukunja chini yako, mgongo unashuka mpaka sakafuni, mguu mwingine unaurusha juu, na lazima utue pamoja na ule mshindo wa "kaa!" kwenye mdundo wa Ha, ule wa wimbo "The Ha Dance" wa kundi la Masters at Work wa 1991, maana kila mpigo wa nne unagonga na majaji wanasikiliza kama umetua nao au umechelewa.

Sasa siku ya boli, yaani mashindano yetu, mie nimesuka rasta mpya zinafika mapajani. Nikataka kuzibana. Mama wa nyumba yetu akakataa katakata, ziachie, nywele lazima ziruke! (Kwenye bolirumu, dunia yetu hii ya maboli, wengi wana nyumba, yaani kikundi kilicho kama familia, ina mama na baba, mambo yalianzia Harlem miaka ya 1970 pale mshindani mmoja mweusi, Crystal LaBeija, alipochoka na mashindano ya urembo yanayopendelea wazungu. Na mama wa nyumba ni mama kweli jamani, habishiwi.) Haya, nikaziachia.

Mwanzo mambo yakaenda, majaji wote wakanipa kumi, hapo nikapumua maana jaji mmoja tu akikupiga chopu unarudi kukaa na pochi yako. Nikapangwa na dada mmoja wa nyumba nyingine, mwembamba, mwendo wake wa bata, ule wa kuchuchumaa, utadhani hana magoti. Akanijia usoni na mikono yake, nami nikamjibu, tukazungukana, emsii anachochea, mshindo ule unakuja, nikazunguka nikashuka.

Dipu safi. Ukumbi ukalipuka.

Sasa kuinuka. Nainua kichwa, hakiji. Navuta tena, looo, kisogo kinaniuma mpaka machozi! Kumbe rasta zimenasa kwenye kile kichuma cha kufungia mkanda wa kiatu, na kiatu chenyewe ni cha ule mguu niliokunja chini ya mgongo, yaani nimefungwa kama kuku wa kupelekwa sokoni. Mguu wa pili bado uko juu, siwezi kuushusha maana nikiushusha najiviringisha na nywele zinavutika zaidi. Watu wanaona nimeganda tu wanadhani ni ustadi, wanapiga kelele, yule dada anapita pembeni yangu na mwendo wake wa bata mara ya kwanza, mara ya pili, ananipepea na pepeo!

Kizungu chote kikanitoka kichwani. Nikapiga kelele, nywele! Nywele jamani!

Emsii kadaka. Hajui ni nini lakini limekaa kwenye mdundo, basi kwenye maiki, nywe-le, nywe-le, nywe-nywe-nywe-le, na ukumbi mzima ukaitikia, watu wa Bronx na Brooklyn wanaimba Kiswahili huku mie nang'oka utosi. Mama wa nyumba ndo akashtuka, akaja mbio na visigino vyake, akakifungua kile kiatu, nikainuka na mguu mmoja peku, kiatu kinaning'inia mgongoni kwenye rasta. Majaji wakamnyooshea yule dada. Isipokuwa mmoja, bibi mmoja mkongwe wa zamani hizo, yeye kanichagua mie huku anafuta machozi ya kicheko.

Asubuhi simu kutoka Tanga. Binamu kashatuma video kwenye grupu la familia.

"Mwanangu, umeanguka, unalia nywele, na ukumbi mzima unakuimbia, hakuna hata mmoja wa kukuinua?"

"Mama, ndo mchezo wenyewe ulivyo."

"Haya. Na hizo rasta ulisuka shilingi ngapi?"

Nikamwambia dola mia mbili na hamsini. Nikamsikia anamwita baba, "Hebu njoo uzidishe wewe, kalkuleta yangu imeharibika."