Vitu vya kale vya Ugogo visiishie kwenye mizani ya vyuma chakavu

Hapa Uingereza ninakoishi kwa sasa, Jumapili asubuhi watu huegesha magari uwanjani, hufungua buti na kupanga vitu walivyovitoa darini: visahani, saa mbovu, fremu za picha na medali za vita. Wanunuzi hupita polepole wakigeuza kila chombo kutazama alama iliyopigwa chini yake, kwa kuwa wamesikia habari za chombo cha Kichina kilichokutwa katika nyumba ya kawaida huko Pinner, pembezoni mwa London, ambacho mwaka 2010 kilifikia pauni milioni 43 mnadani, ingawa mnunuzi hakulipa na baadaye kikauzwa kwa bei ya chini zaidi. Kule Pennsylvania, Marekani, mtu alinunua picha ya zamani kwa dola 4 mwaka 1989 kwa sababu tu aliipenda fremu yake, akakuta nyuma yake nakala ya Azimio la Uhuru la 1776, ambayo iliuzwa mwaka 1991 kwa zaidi ya dola milioni 2.

Wengi nyumbani Ugogo, mkoani Dodoma, wakisikia habari hizi husema kwamba wenzetu wamerithi mali nasi tumerithi umaskini. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Aliyekulia katika tembe, nyumba yetu ya asili yenye paa bapa la udongo, anakijua kichanja kilichokuwa juu ya mafiga, ambako moshi ulifukuza wadudu na ambako familia iliweka kila ilichokiheshimu: zeze la babu, malimba, njuga za wachezaji, vibuyu vyenye nakshi, na kigoda cha miguu mitatu kilichochongwa kutoka gogo moja. Bibi yangu alikuwa na mkufu wa shanga uliotungwa pamoja na sarafu za Kijerumani za heller 10, zile zenye tundu katikati, na ukiifuta masizi mojawapo ulisomeka mwaka 1910, ambao ndio mwaka reli ya kati ilipofika Dodoma. Sarafu hizo si ghali hata leo, kwani zilitengenezwa nyingi. Inayotafutwa kwa bei kubwa ni ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita. Lakini mkufu ule unaeleza jinsi fedha ya mkoloni ilivyoingia Ugogo na jinsi wanawake wetu walivyoigeuza kuwa pambo lao, na hilo halielezwi na sarafu iliyolala kwenye kasha la mkusanyaji.

Tofauti ninayoiona ni kwamba huku mtu akikuta kitu asichokifahamu, anaye wa kumuuliza. Hata miji midogo mingi ina nyumba ya mnada yenye mthamini, na tangu mwaka 1979 BBC hurusha kipindi ambacho wananchi hupeleka vitu vyao kwa wataalamu. Kwetu anayefika kwanza mlangoni ni kijana wa vyuma chakavu na mizani yake, naye hupima njuga kwa kilo pamoja na sufuria iliyotoboka. Katika mnada wa Msalato, Dodoma, utapata ng'ombe, mitumba na nyama choma, lakini sijapata kuona mtu ametandika turubai la vitu vya wazee akieleza vilitoka kwa nani. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, viwanja vimepanda bei na tembe zinabomolewa kupisha nyumba za kisasa, na vilivyokuwa kichanjani vinatupwa pamoja na udongo wa paa.

Sitetei uuzaji holela. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na inaniuma kumwona mlanguzi akimpa mzee bei ya kilo ya sukari kwa kigoda kitakachouzwa kwa mtalii. Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa mwaka 1984 kilirudishwa kutoka Uswisi mwaka 2010, kwa kuwa kilijulikana ni cha nani na kilitoka wapi. Kigoda kisichoandikwa popote hakuna atakayekidai.

Wasukuma wana makumbusho yao Bujora, karibu na Mwanza. Jiji la Dodoma, ambalo linajenga kila upande, haliwezi kukosa nafasi ya kujenga nyumba moja ya vitu vya Wagogo, na Chuo Kikuu cha Dodoma kina vijana wanaoweza kutumwa Mvumi, Bahi na Chamwino kuandika jina la mwenye kitu, aliyekitengeneza na kazi yake. Wakati tukiisubiri nyumba hiyo, kila familia inayojiandaa kubomoa tembe inaweza kukishusha kichanja mchana kweupe, mzee akiwa ameketi kando, na mjukuu akipiga picha na kuandika anachoambiwa.