Dar tumeongeza kata ya kuchotea, mtungi ni ule ule

Oktoba 2022 siisahau. Mtaani kwetu bomba lilikauka siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka watu tukaacha kuulizana yatatoka lini, kila mtu anawaza madumu tu, vijana wa maguta wanapita alfajiri na bei imeshapanda mara mbili, na jirani yangu mwenye kichanga akawa anafua nepi kwa maji aliyosuuzia vyombo. Iliniuma sana aisee.

Wengi wetu tulidhani pampu zimekufa. Hapana, mitambo ilikuwa mizima kabisa. Mtambo wa maji wa Ruvu Chini ulishapanuliwa kwa hela za msaada wa Marekani, kutoka lita milioni 180 kwa siku mpaka 270, na Ruvu Juu pale Mlandizi ikapanuliwa kwa mkopo wa India kutoka 82 mpaka 196. Jumlisha hapo, unapata milioni 466, bado hujagusa mtambo wa Mtoni wala visima. Ila mwezi ule uzalishaji ukaporomoka mpaka kama milioni 300, kisa mto wenyewe ulikuwa umepungua, mvua haijanyesha huko juu, basi na mtambo wa mabilioni ukawa hauna cha kuvuta.

Sasa hapo ndo penye shida na mimi nalisema hili kila nikipata nafasi. Mitambo yote miwili inachota Mto Ruvu, na kwa miaka yote hiyo hatukuwa na bwawa la kutunzia jiji maji ya masika. Mvua zikikolea mto unafurika, maji yote yanaenda baharini Bagamoyo, ikifika Oktoba tunahangaika na ndoo. Nyumba ikiongezeka watoto huwezi kununua kata kubwa zaidi halafu mtungi ukauacha ule ule, utakuwa unakwangua tu chini mapema zaidi.

Na wazo la bwawa la Kidunda, kwenye huo huo Mto Ruvu kule Morogoro, sio geni jamani, limezungumzwa miongo na miongo. Mkataba wa kulijenga umekuja kusainiwa Novemba 2022, katikati ya ukame, Sinohydro ndo mkandarasi, hela ya serikali yenyewe, ujazo lita bilioni 190. Gawa hizo kwa milioni 466 unapata siku 400 na kidogo, hata ukitoa ya kukaushwa na jua na ya kuuachia mto bado ni akiba ya kuvukia kiangazi.

Kwa nini lilichelewa vile? Mimi naona ni jinsi tunavyotafuta hela. Mtambo ukiupanua, maji yanaongezeka mapema, kuna cha kuzindua, kuna bili za kurudishia mkopo. Bwawa linataka fidia kwa watu wanaohama, barabara ya kufikia porini, miaka ya kujenga, na hujauza hata dumu moja. Kwa hiyo kila mfadhili anachukua kipande kinachomfaa, kipande kigumu kinabaki mezani. Hata ile 2003 tulipowapa kampuni binafsi ya City Water mkataba wa miaka 10 wa kuendesha maji ya jiji, ambao serikali ikauvunja Mei 2005, ugomvi mwingi tuliousikia ulikuwa wa mwekezaji na makusanyo, habari ya mto kukauka nani aliizungumza?

Kilichotusaidia mwishoni mwa 2022 ni visima vya Kigamboni, vilivyoingiza kama lita milioni 70 kwa siku, na vile havitegemei Ruvu. Mpango wa maji wa jiji kubwa hivi ungeanzia hapo, vyanzo viwili vitatu visivyokauka pamoja, ndo uje kwenye mabomba ya mitaani.

Halafu kuna milima ya Uluguru, maana maji ya Ruvu yanatoka kule na mlima ukilimwa mpaka kingo za vijito udongo wote utakuja kulala bwawani, kwa hiyo mimi niko tayari kabisa bili yangu iongezwe kidogo kama hiyo nyongeza inaenda moja kwa moja kwa mkulima wa kule apande miti na achimbe matuta. Na bwawa likianza kujaa naomba kina chake kitangazwe redioni kila wiki, kuanzia Juni, ili yule mama mwenye kichanga ajue mapema kama anunue pipa.