Hapana, Sikumzika Mke Wangu. Ni Majani.

Yule chalii wa bodaboda wa kijiwe cha kona amewaambia kwamba jana ilikuja kwangu Defender ya polisi na mbwa wa kunusa. Uongo. Polisi hawakukanyaga. Alikuja mjumbe, wakaja mgambo wawili, na mbwa alikuwepo kweli, ila ni wa jirani na alikuja kwa hiari yake. Huyo chalii mwenyewe alifika mambo yameshaisha, akapiga picha shimo, akaondoka. Nimeona niandike leo leo, kabla habari haijashuka Moshi ikapanda tena Arusha na ndevu.

Mnanijua mimi na kazi za mikono. Uani kwangu kuna mparachichi mmoja na migrevilea miwili, na miti hiyo haijui likizo, inamwaga majani Januari mpaka Desemba. Zamani nilikuwa nayachoma. Mama Jirani ana pumu, akanijia siku moja anakohoa mpaka nikaona aibu. Gari la taka nalo linapita likijisikia. Ndipo rafiki yangu bwana shamba akaniambia: "Wewe acha kuchoma. Tengeneza mboji ya mvivu."

Neno "mvivu" likaniingia. Nikakaa chini nikasikiliza.

Akasema watu wanadhani mboji, yaani mbolea ya majani na mabaki yaliyooza, ni mateso, kupindua lundo kila wiki kama chapati. Ukipindua inaiva kwa miezi miwili, mitatu. Usipopindua itachukua miezi sita, hata mwaka, lakini itaiva tu, kwa sababu kazi siyo yako, ni ya wadudu. Changanya vikavu na vibichi, vikavu viwe vingi mara mbili au tatu. Unyevu uwe kama tambara lililokamuliwa. Majani ya parachichi ni magumu kama ngozi ya kiatu, yapige panga kwanza. Samaki na nyama usitie. Akanikumbusha bibi yake mke wangu kule Machame, kihambani: majani ya migomba na magogo yake yanaachwa pale pale chini ya migomba, yanaoza, yanarudi ardhini, na hajasikia mtu akiita hiyo teknolojia.

Nami nikafuata maelekezo yote. Hilo nataka liingie kwenye kumbukumbu. Kila kitu nilichofanya kilikuwa na sababu ya kitaalamu.

Lundo likiwa dogo sana halipati joto, linatakiwa angalau mita moja kwenda juu na mita moja upana. Mimi nafasi niliyokuwa nayo ni kamkanda kati ya ukuta na karo la kufulia, kwa hiyo nikapunguza upana na kuongeza urefu. Likatoka kama mita mbili kasoro. Nikaweka tuta vizuri, nikafunika kwa majani ya mgomba lisikauke. Bwana shamba akasema chomeka fito upande mmoja mpaka katikati, ukiichomoa ukaishika na ni ya moto, ujue mambo yanakwenda. Fito ikawa inazama kila lundo likishuka, nikafunga kijiti cha kukingama kwa juu ili ikwame. Nisije nikasahau nilianza lini, nikapachika kipande cha boksi: 14/6.

Sasa rudieni kuisoma aya hiyo mkiwa upande wa pili wa ukuta, mmepanda kindoo, na jina lenu ni Mama Jirani.

Kuna jambo moja zaidi nililoshauriwa na bwana shamba, nitalisema baadaye maana hata sasa vidole vinasita.

Mke wangu aliondoka Jumanne ya wiki ya juzi. Simu ilikuja usiku, mama mkwe kateguka mguu, shemeji yangu akapita na gari saa tisa alfajiri akamchukua. Hakuna aliyemwona akiondoka. Baridi ya Julai ya Arusha mnaijua, saa tisa alfajiri hata mbwa wanalala wamekumbatiana. Wiki nzima ikapita, jirani hawamwoni mama mwenye nyumba, wananiona mimi tu, napika mayai.

Jumatano nikakutana na kijana wa bustani wa nyumba ya wageni pale juu, kafyeka ukoka magunia matano na hajui pa kuutupa. Nikasema lete. Mvivu mzuri haachi mali. Nikamwaga magunia yote matano juu ya lundo kwa mpigo mmoja, bila kuchanganya na kikavu chochote, kwa sababu mgongo uliuma. Nikarudisha fito, nikarudisha majani ya mgomba, nikaenda kuangalia mpira.

Nyasi mbichi zikirundikwa hivyo zinafanya mambo mawili. Katikati zinapata moto, nyuzi 60 si ajabu kabisa, hata yai nadhani lingejaribu kuiva. Na zikishikana kama godoro, hewa inakosa pa kupita, zinaanza kunuka. Mnuko wa kipekee. Kuna amonia, kuna kitu kama kinyesi cha ng'ombe aliyekasirika.

Jana Jumamosi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, geti likagongwa.

Nimetoka na lubega la Kimasai na ndala mbili za rangi tofauti. Nje namwona mjumbe. Nyuma yake mgambo wawili, mmoja kashika jembe. Nyuma yao Mama Jirani, kanga kichwani, na watoto ambao sijui ni wa nani.

"Shikamoo mzee."

Kimya. Hakuitikia. Ndugu zangu, mzee akikaa kimya mbele ya shikamoo, usiulize kuna nini, anza kumtafuta wakili.

"Kijana, mama yuko wapi?"

"Yuko kwao, mzee. Machame."

"Aliondoka lini?"

"Jumanne ya wiki ya juzi, usiku."

"Usiku," akarudia mjumbe, akawatazama mgambo.

Mama Jirani akaingilia: "Na kile kinachofuka moshi kule uani?"

"Aa, ile ni mboji."

Mgambo mwenye jembe akanisogelea. "Nani huyo Mboji?"

Tukaenda uani msafara mzima. Na kusema haki, ningekuwa mimi ndiye mgambo, ningenifunga pingu hapo hapo. Ukungu umetanda, jua halijatoka, na katikati ya ukungu kuna tuta refu lililofunikwa majani ya mgomba, linatoa mvuke taratibu, kama kitu kinachopumua. Kichwani pana msalaba. Mbwa wa jirani analia pembeni huku anaparura, maana kuna siku nilitupia vichwa vya sato nikijua nimekatazwa. Mjumbe akainama, akasoma boksi kwa sauti: "Tarehe 14, mwezi wa 6." Mgambo wa pili akavua kofia.

Hapo mtu mwenye akili angesema "jamani, ni majani." Mimi nikaamua kutoa elimu.

"Mzee, usiogope huo mvuke. Ni bakteria. Wako hai mle ndani, wanapumua, ndiyo maana pana joto."

"Wako hai?"

"Wengi sana."

Mama Jirani akapiga yowe lililofika barabara ya lami. Mjumbe akasema neno moja: "Fukua."

Sasa hapa naomba niende taratibu, maana nimekuwa nikiliona tukio hili tangu jana kila nikifumba macho.

Jembe la kwanza likaondoa majani ya mgomba. Mvuke wote uliokuwa umejibana ukampiga mgambo usoni, akarudi hatua mbili, akatema mate, akasema "Mungu wangu, ameshaharibika." Jembe la pili likaingia kwenye ukoka, likatoka na bonge la kijani lenye utelezi. Jembe la tatu likashuka chini zaidi, likanasa. Akavuta. Halitoki. Akavuta tena, kitu kikavutika kidogo halafu kikarudi, kama mtu anayevutwa shuka asubuhi na yeye anavuta. Watu wote wakasogea. Mgambo akaweka jembe chini, akakunja mkono wa shati, akapiga ishara ya msalaba, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko.

Akashika kitu. Nikaona uso wake ukibadilika.

Akaanza kuvuta. Zikatoka nywele. Nyeusi. Ndefu. Zinafuka mvuke. Zikaendelea kutoka, na kutoka, na kutoka, na katikati ya njia ya nywele pana jani la mparachichi limekaa vizuri kama kibanio. Hakuna aliyepumua. Hata mbwa alinyamaza.

Na mimi, mtuhumiwa, katika ukimya ule, nikasikia mdomo wangu ukisema kwa furaha ya kweli:

"Hee! Kumbe lilikuwa huku!"

Watoto waliruka ukuta ambao mimi mtu mzima siwezi kuuruka. Mama Jirani alikwenda kinyumenyume akakaa ndani ya toroli, toroli ikaondoka naye. Mjumbe akawa anasema "Yesu, Yesu, Yesu" kwa sauti ndogo ya kuhesabu. Mgambo peke yake ndiye hakukimbia, si kwa ushujaa, nywele zilikuwa zimemsokota kwenye pete.

Lilikuwa wigi la mke wangu. Lile la shilingi 180,000, ambalo alilifua mwezi uliopita akaliweka juu ya karo likauke, likaanguka kwenye majani, na mimi jioni nikasomba kila kitu na reki bila kuangalia. Wiki nzima tulilitafuta. Mimi nilishiriki kulitafuta. Mimi ndiye niliyesema, kwa sauti ya busara kabisa, "Labda mdogo wako kaondoka nalo."

Nikapiga simu ya video kwa mikono inayotetemeka. Akapokea mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona watu wengi hivyo, mmefiwa?"

Mke wangu akatokea nyuma yake, kilemba kichwani, mzima, anatafuna ndizi. Mjumbe akainama kwenye simu kama anasoma mita ya umeme, akamwangalia juu mpaka chini, akapumua. Ningekuwa na bahati, hadithi ingeishia hapo. Mke wangu akakunja macho.

"Hilo alilolishika huyo baba si wigi langu?"

Sikujibu.

"Si ulisema ni mdogo wangu?"

Na Mama Jirani, ambaye alikuwa anajinasua kwenye toroli na anahitaji sana aonekane hakuita watu bure, akasema: "Haya, mama yuko hai, tumshukuru Mungu. Lakini kila usiku saa nne huyu baba anakwenda pale, anasimama, kichwa kimeinama. Dakika nzima. Halafu anatetemeka kidogo, anaondoka. Nimeona kwa macho yangu haya mawili. Alikuwa anamwomba nani?"

Lile jambo la bwana shamba. Majani makavu yana kaboni nyingi, naitrojeni kidogo, ndiyo maana yanachelewa kuoza. Mkojo una naitrojeni ya bure. Ni sayansi safi, muulizeni bwana shamba yeyote. Lakini sayansi hiyo ijaribuni kuieleza mbele ya mjumbe, na mama mkwe kwenye skrini ameleta jicho karibu kabisa asikie vizuri.

"Nilikuwa," nikasema, "naongeza naitrojeni."

"Kwa chombo gani?" akauliza mgambo.

Sikusema kitu. Nililivuta lubega tu, nikajifunika zaidi.

Mgambo akautazama mkono wake. Akautazama polepole, kuanzia kwenye kucha, kiganja, mpaka kwenye kiwiko. Akanitazama mimi. Kisha akatembea kwenda kwenye bomba la karo, wigi bado linaning'inia kwenye pete, akafungulia maji, na sikumwona akiyafunga mpaka tangi lilipokauka.

Simu ilikatika. Mke wangu anasema ni mtandao. Mimi nilimsikia mama mkwe akisema "hebu zima hiyo."

Yaliyobaki ni mafupi. Mjumbe aliitikia ile shikamoo ya asubuhi, akanywa chai, akaniambia nitoe msalaba. Nimeutoa. Nimechambua ule ukoka nikauchanganya na majani makavu kama ilivyotakiwa tangu mwanzo, na harufu imekata kwa siku moja. Vichwa vya sato kachukua mbwa. Kwa mdogo wake mke wangu nimetuma pole na vocha. Wigi nimelifua mara tatu, liko kambani, na niseme tu kwamba wiki tano za mvuke zimelinyoosha kuliko siku liliponunuliwa. Mwenyewe anarudi kesho na basi la kwanza. Sijui atalivaa.

Mama Jirani alipita jioni, tukaombana radhi kupitia ukutani. Kumbe ana mchicha na sukuma wiki kwenye magunia, na chini kabisa ya lundo, kule kulikoanza mwezi wa sita, aliona pamekuwa peusi, pamelainika. Akasema Desemba ikiiva anaomba ndoo mbili. Ila, akasema, nimchotee za upande wa karoni, siyo za ule upande ninaosimama.

Nimemwambia sawa, mama. Upande wa karoni ndiko ninakosimama.