Kampuni kubwa si ajira ya kudumu

Juzi kwenye kikao cha familia Tabata, mjomba alimsema binti mmoja mbele za watu. Alipata kazi kwenye kampuni kubwa ya teknolojia ya nje, akaikataa, akabaki na wenzake kwenye kakampuni kao Kijitonyama. "Umepewa ajira ya kudumu unaichezea," mjomba akasema, na wakubwa wote wakaitikia. Hasira haijanitoka mpaka leo.

Ajira ya kudumu ipi? Twitter walitangaza mwaka 2021 kwamba makao yao ya Afrika yatakuwa Accra. Vijana wakaajiriwa, wakafanyia kazi nyumbani zaidi ya mwaka mzima. Novemba 2022 wakahamia ofisini, na siku chache baadaye karibu wote wakaachishwa, kwa sababu Elon Musk alikuwa ameinunua kampuni mwezi uliotangulia. Walifanya kosa gani? Hakuna. Januari 2023 Google wakatangaza kupunguza watu 12,000, Microsoft 10,000. Kwa kampuni za namna hii uamuzi unapitishwa mbali, kwenye kikao ambacho hata bosi wako wa Nairobi hakuitwa.

Na sisi wa Dar wengi wetu wala hatuajiriwi. Unapewa mkataba wa ukandarasi, unalipwa kwa dola, unapiga kazi sebuleni Mbezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa anayelipwa kwa mwezi notisi ya siku 28. Akiachishwa bila kosa baada ya kutimiza mwaka, anapata kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumikia, mwisho miaka 10. Si hela nyingi, lakini ni haki yake na anaweza kuidai CMA, tume inayoamua migogoro ya kazi. Wewe mkandarasi, asubuhi ukikuta akaunti ya kazi imefungwa, unamdai nani, wapi? NSSF hakuna aliyekuchangia hata senti.

Haya, mshahara ni mnono, sibishi. Utafanya kazi na watu wakali watakaokunyoosha. Hisa nazo zipo, ingawa kwa kawaida hutolewa kidogo kidogo ndani ya miaka 4, na ukitoka mapema zilizobaki unaziacha. Mwenye deni la Bodi ya Mikopo na wadogo wa kusomesha akienda, aende kwa amani.

Ila mjomba hajui binti anafanya nini. Wanajenga mfumo wa kuoanisha malipo ya simu ya Lipa Namba kwa wenye maduka Kariakoo. Nilimkuta Mtaa wa Kongo, kwenye duka la vitenge. Mteja wa Mbeya ameshalipa, ujumbe haujaingia, mama mwenye duka kashika simu na haachii mzigo, mtu wa mkokoteni anagomba nje. Binti akafungua kompyuta juu ya majora, akautafuta muamala mpaka akauona ulikokwama. Jioni ileile wakarekebisha. Kesho yake mama akampigia kumwambia sasa inakwenda vizuri. Kwenye kampuni kubwa unaweza kumaliza miaka miwili unarekebisha kitufe kimoja, usimjue hata mtu mmoja anayekibonyeza.

Sasa hivi wanatafuta mtu anayeijua mifumo ya benki. Mshahara wao haufiki hata nusu ya ule wa dola, lakini mkataba ni wa ajira, na NSSF wanalipa kila mwezi.