Kabla ya Kununua Bastola ya Shabaha, Nunua Viatu

Picha ya Yusuf Dikeç imewapotosha wengi. Mnaikumbuka: Olimpiki ya Paris, mwishoni mwa Julai 2024, Mturuki mwenye mvi, fulana ya kawaida, miwani ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, na medali ya fedha ya bastola ya hewa (isukumayo risasi kwa hewa, si kwa baruti) ya mita 10 akiwa na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Siku chache baadaye mkimbiaji wetu Joshua Cheptegei alitupatia dhahabu ya mita 10,000, lakini kwenye simu zetu hapa Kampala yule Mturuki hakubanduka. Kila kundi la WhatsApp lilikuwa na mtu wa kutangaza kwamba vifaa ni mbwembwe, kipaji kinatosha.

Mtazameni vizuri. Masikioni ana vizibo. Mkononi ana bastola ya mashindano, si kitu cha kuokota. Ule mkono mfukoni nao si maringo. Walenga shabaha wengi huutia mfukoni au kwenye mkanda ili usining'inie na kuuyumbisha mwili. Na mtu mwenyewe alikuwa ameshiriki Olimpiki tangu Beijing 2008. Mnachokiona kwenye picha ni miaka, si kipaji kilichoamka asubuhi.

Lakini kuna kundi la pili, nalo hunikera zaidi: wenye hela. Hawa huanza na darubini, miwani yenye vioo vya kuzungushwa, begi la gharama, halafu bunduki ya pili kabla hawajaizoea ya kwanza. Ukiwauliza wamefyatua mara ngapi mwezi huu, wanabadilisha mazungumzo. Maoni yangu ni kwamba anayeanza mchezo huu Uganda hutupa pesa kinyumenyume. Anatumia nyingi kwa kitu kinachompotezea alama chache, na kile kinachompotezea nyingi hakitengei hata shilingi.

Nasema bastola ya hewa kwa makusudi. Mita 10 zinaenea ndani ya ukumbi wa kawaida, risasi zake ndogo za milimita 4.5 ni nafuu kuliko za baruti, na kelele yake haiamshi mtaa. Ila isikudanganye kwamba kwa sababu ni ya hewa ni kitu cha kuchezea watoto. Sheria ya silaha ya Uganda ni ya mwaka 1970 na mlango wake ni polisi. Nenda uulize kwanza, upate jibu la maandishi, ndipo ufikirie kuagiza chochote. Mwenye kukuambia "agiza tu mtandaoni, tutaona mbele ya safari" hatakuwepo siku ya kuitwa.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wanapokosea. Duara la 10 la bastola ya hewa, lile la katikati lenye alama nyingi zaidi, lina kipenyo cha milimita 11.5, na kila duara linalofuata limeongezwa milimita 8 kila upande. Chukua bastola ambayo kutoka kilengeo cha nyuma (kile kipande chenye mwanya wa kulengea juu ya bastola) hadi cha mbele ni sentimita 32. Mkono wako wote ukiyumba sentimita moja pembeni, huku vilengeo viwili vimebaki vimenyooka, risasi nayo itakwenda sentimita moja pembeni. Utapata 9. Lakini kilengeo cha mbele kikihama milimita moja tu ndani ya mwanya wa kile cha nyuma, kosa hilo linakua kadiri risasi inavyosafiri, na mita 10 mbele limefika milimita 31. Hapo unaokota 7, tena kwa bahati ya kugusa mstari. Milimita moja ya vilengeo inakugharimu kuliko sentimita nzima ya mkono kutetemeka.

Ukishaielewa hesabu hiyo, mengi yanajipanga yenyewe. Jicho halipaswi kutazama shabaha. Litazame kilengeo cha mbele, kionekane kikali, na lile duara jeusi liachwe lififie kama linavyotaka. Anayeanza hukataa kabisa jambo hili, kwa sababu akili inataka kuona kile inachokipiga. Dawa niipendayo ni kuigeuza karatasi, ubaki na upande mweupe usio na duara lolote, ukapiga huko. Hakuna cha kutamani, kwa hiyo jicho linarudi kwenye vilengeo. Ukiona matundu yameanza kukaa pamoja kwenye karatasi tupu, ujue unajifunza.

Waliovuka miaka arobaini wanalalamika kwamba kilengeo cha mbele kina ukungu. Msinunue darubini, kwenye bastola ya hewa ya mashindano hairuhusiwi hata kidogo. Nendeni kwa mpimaji wa macho mkiwa mmepima nyumbani umbali kutoka jichoni hadi pale kilengeo kinapokaa mkono ukiwa umenyooshwa, mmwombe kioo cha umbali huo kwa jicho la kulengea. Jicho la pili msilifumbe kwa nguvu, linachosha uso mzima. Kipande cha karatasi kisichozidi upana wa milimita 30 mbele yake kinatosha, na kanuni za mashindano zinakiruhusu. Dikeç mwenyewe hulenga macho yote mawili yakiwa wazi, lakini yeye ni yeye.

Halafu kuna triga, kile kifyatulio cha kidole. Ukiniuliza alama zinapotelea wapi, nitakuonyesha kidole kabla ya jicho. Kanuni inataka triga ya bastola ya hewa isilegee chini ya gramu 500, yaani uzito wa nusu kilo ya sukari, na wewe unauvuta uzito huo kwa ncha ya kidole huku umeshika kitu chenye takribani kilo moja kwa mkono mmoja ulionyooka. Mtu anaona vilengeo vimekaa sawa, anapaparika, "sasa!", anaivuta kwa pupa, na ile milimita moja imeshapatikana. Triga ibanwe taratibu, shinikizo likiongezeka bila kusita, hadi mlio ukukute hukuutarajia sana. Zikipita sekunde nane au tisa bila risasi kutoka, teremsha mkono. Pumua. Anza upya. Kuteremsha mkono si aibu, na muda wa mashindano, saa moja na robo kwa risasi 60, unakutosha kabisa kufanya hivyo. Na risasi ikishatoka, endelea kulenga kidogo. Anayeinua kichwa haraka kuona amepata ngapi huanza kukiinua kabla risasi haijaacha mtutu.

Haya yote unaweza kuyafanya sebuleni bila risasi hata moja, ukuta mweupe mbele yako, watoto wamelala, bastola umeikagua mara mbili kwamba ni tupu na risasi zote ziko chumba kingine. Bastola nyingi za mashindano zina namna ya kufyatua kavu bila kutoa hewa. Zile za springi usizifyatue kavu, utaziua. Dakika kumi na tano za kila siku hapo zinashinda Jumamosi nzima ya kumwaga risasi uwanjani. Siku ambazo bastola iko mbali, shika chupa ya maji ya lita moja mkono ukiwa umenyooka. Majirani watacheka, waache.

Kwenye kuchagua chombo chenyewe ninatofautiana na wengi. Bastola nyingi za kisasa hutumia mtungi wa hewa iliyoshindiliwa hadi karibu baa 200 (baa ni kipimo cha presha). Ni nzuri, tamu sana mkononi. Lakini ujazie wapi? Fundi wa matairi pale kona ana mashine inayojaza baa mbili tatu. Wenzetu wa pwani wana maduka ya wapiga mbizi. Sisi tuna Ziwa Victoria na samaki. Pampu ya mkono ipo, ukiwa na mgongo wa kuihimili. Nami nakuomba kwa dhati, asikushawishi mtu kujaza oksijeni ya hospitali au ya wachomea vyuma. Oksijeni tupu ndani ya mtungi wa presha wenye chembe ya mafuta hulipuka. Kwa hiyo mimi ningemwelekeza anayeanza kwenye bastola yenye wenzo wa kukunjwa mara moja, ambayo hujishindilia hewa yenyewe kwa kila risasi. Inachosha kidogo, haina mtungi wa kuisha muda, na ya mitumba ikitunzwa inalenga vizuri kuliko mwenyewe.

Risasi zake ziwe zile za kichwa bapa, ambazo hukata tundu safi kwenye karatasi. Usichague kwa bei wala kwa jina. Kila mtutu una risasi unayoipenda, na njia ya kujua ni kujaribu aina kadhaa kutoka kwenye egemeo imara, uone ipi inafanya kundi dogo la matundu.

Viatu, basi. Vya soli bapa isiyobonyea, visivyofunika kifundo cha mguu, maana kanuni za bastola zinakataza vinavyofunika. Raba za kukimbilia zina soli laini inayobonyea, na unapobonyea wewe, vilengeo vinabonyea nawe. Jozi ya kawaida ya sokoni Owino inaweza kukuongezea alama kuliko mpini wa gharama. Baada ya viatu, miwani ya kukinga macho na vizibo vya masikio. Hivyo sivijadili.

Unyevu wetu ni adui wa chuma. Msimu wa mvua usiiache bastola ndani ya begi lake la sponji, litafyonza maji na kuyatunza. Ifute, iache ipate hewa ndani ya kabati lenye kufuli. Risasi zenyewe ni za madini yenye sumu, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa chapati.

Limebaki la usafiri. Bastola ya hewa haina tofauti na ya baruti machoni pa mtu wa boda boda, wala pa askari wa mlangoni anayekagua begi lako kwenye jengo la maduka. Ibebe kwenye sanduku lililofungwa, haina hewa wala risasi, karatasi zako juu yake, utoke uwanjani moja kwa moja hadi nyumbani. Manunuzi utayafanya kesho.